Mabaki ya Joho Jekundu

Jinju, 9 Februari 2023

Mwanangu Da-som,

Mimi mzima, na baridi ya hapa nayo nzima. Mwaka Mpya umepita bila wewe. Nilikupakulia bakuli la supu ya Mwaka Mpya, ile ambayo anayeila huhesabiwa ameongeza mwaka, nikaishia kulila mwenyewe, kwa hiyo mwaka huu nimezeeka miaka miwili, mmoja wangu na mmoja wako. Kwenye kifurushi hiki kuna kimchi ya figili, iliyochachuka vizuri kwa pilipili, na dagaa wa kukaanga. Usiwagawie watu wa ofisini, waambie nao wana mama zao wakubwa.

Mchoro wa joho la harusi la marehemu mama yako ulioniomba nimeutia chini, nimeukunja mara nne. Vipimo vyote vipo. Hukuniambia ni wa kazi gani, ulisema tu mnatengeneza nguo za kwenye michezo ya simu. Haya.

Sasa nikuchekeshe. Jirani yangu Chun-ja, yule muuza keki za mchele, alinipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara: "Dada Pil-rye, nimehamia nyumba mpya! Njoo kesho!" Nikashangaa, maana chumba chake cha juu ya duka hakijahamwa tangu mumewe afe. Lakini mtu akihama anaendewa. Nikanunua zawadi za nyumba mpya kama desturi yetu, karatasi za chooni mafungu mawili na sabuni ya unga, nikabeba kifuani, nikapanda ngazi zake zote. Namkuta kakaa palepale pa siku zote, ananinyooshea simu. Nyumba iko ndani ya simu! Ina baraza la mbao, ina mitungi ya mchuzi uani. Nikamwambia, "Na karatasi hizi niziweke wapi, chooni mwako au chooni mwake?" Tulicheka hadi akakohoa.

Ila kitu kimoja hakikunichekesha. Nyumba ile inauzwa lulu elfu tano na mia nne, ndizo pesa za humo mchezoni. Lulu hizo hununui unazotaka, zinauzwa kwa vifuko vya elfu moja au elfu tatu. Akanunua elfu sita, zikambakia mia sita. Nikamwambia anunue hata chungu cha maua. Chungu cha maua, kitu cha bei ya chini kuliko vyote humo, ni mia saba.

Chun-ja anasema mchezo huo ni wa kampuni yenu, basi wewe uko karibu na watu hao. Nani anazipanga bei hizo? Kuuliza si ujinga.

Mama yako mkubwa,
Pil-rye


Pangyo, 3 Machi 2023

Mama Mkubwa mpendwa,

Nakuinamia kutoka huku mbali hadi paji liguse sakafu, kwa Mwaka Mpya uliopita na kwa kuchelewa kujibu. Dagaa wamekwisha. Baba nimeongea naye, yuko Incheon, mkewe anaumwa goti, yeye anaumwa na maneno ya mkewe.

Mchoro wako niliuweka juu ya meza ya wachoraji wetu, wakauzunguka kama watoto waliooneshwa kifaranga. Mmoja alipima mkunjo wa mkono wa joho mara tatu, akaniuliza ulitumia chombo gani. Nikamwambia jicho. Hakuamini. Mama Mkubwa, mimi nimeona nguo elfu kwenye mchezo huu, na hakuna hata moja inayojua mwili uko wapi kama hii. Tunataka kuitoa wakati wa Chuseok, sikukuu ya mavuno, joho pamoja na nyumba ya bwana harusi, na wachezaji watafanya harusi humo. Nitaomba jina la mama liandikwe pindoni.

Kuhusu bei, ni mambo marefu. Kuna idara, kuna vikao, kuna hesabu za kila namna. Mimi niko upande wa mavazi.

Nimeona mistari yako inapanda juu kadiri inavyokwenda kulia. Macho vipi? Ulikwenda kule hospitali?

Da-som wako


Jinju, 20 Machi 2023

Da-som,

Macho yako mahali pake, mawili. Kalamu ndiyo mbovu.

Maua ya micheri yanaanza kufumuka kando ya mto, Chun-ja ameongeza keki za waridi, na paka wa duka amezaa ndani ya kapu langu la hariri. Sina la kumfanya. Wateja ni wachache, wengi siku hizi wanakodi hanbok, vazi letu la jadi, kwa saa mbili wapige picha. Namshonea bibi harusi mmoja tu mwezi huu.

Nilikuuliza swali moja, ukanijibu matatu ambayo sikuyauliza.

Acha nikuambie jambo ulilolikuta likifanyika hapa tangu utoto wako, pengine hukuliangalia. Hariri huuzwa kwa yadi, na mwili wa mtu haukatwi kwa yadi. Mteja akileta yadi tisa, nguo inakula nane na kitu. Kinachobaki hakikwepeki. Wapo washonaji wanaokiweka kwenye droo, na baada ya mwaka droo imejaa mali. Mwalimu wangu alinichapa kiganja kwa rula siku niliyotia mfukoni kipande kidogo kuliko jani la mnanaa. Akasema, "Kitambaa kimelipiwa chote." Tangu siku hiyo kila nguo inayotoka mlangoni kwangu inatoka na kifurushi chake cha mabaki, kimefungwa uzi mwekundu. Wengine wanatupa. Wengine wanaunga vile vipande wanapata jogakbo, kitambaa cha kufunikia chakula au kutundika dirishani, na jua likipita humo nyumba nzima inabadilika. Hiyo ni shauri yao. Cha mtu ni cha mtu.

Kwa hiyo simlaumu anayeuza lulu kwa kifuko. Mabaki yapo kila kazi. Namlaumu anayekata nguo makusudi ili yabaki, halafu anayakalia.

Chun-ja anasikia kuna joho linakuja. Ameanza kujinyima. Niambie, nani anapanga bei?

Pil-rye


Pangyo, 30 Aprili 2023

Mama Mkubwa,

Natumai paka na wanawe wamekuachia kapu. Huku mvua, na mimi nilikuwa na mafua wiki nzima. Nimeandika barua hii mara nne.

Ni mimi.

Mwaka wa tatu sasa napanga bei za mavazi na nyumba. Elfu tano na mia nne ni kazi yangu. Mia saba ya chungu cha maua ni kazi yangu pia, na niliwahi kupongezwa mbele ya watu kwa sababu yake. Mtu akibaki na mia sita zisizonunua kitu, anahisi amepoteza, ananunua kifuko kingine. Sikukwambia kwa sababu kila nikishika simu nilimwona yule Chun-ja wako na lulu zake mia sita. Mficha uchi hazai, nimeufichua.

Lakini sikiliza. Barua yako ya uzi mwekundu nimeitembeza mfukoni mwezi mzima, nikapata wazo. Tutatengeneza vipande vya hariri, lulu hamsini kila kimoja. Mwenye mabaki anunue vipande, aviunge, apate jogakbo ya kutundika dirishani mwa nyumba yake. Hakuna lulu itakayolala bure. Nilipolieleza kwa Mkurugenzi Ma, mkubwa wangu, alipiga meza kwa furaha. Mtu ambaye hacheki hata akitekenywa! Ameniambia idara ikigawanywa mwezi wa tisa, nitapewa ukuu wa upande wa nyumba.

Yote haya yametoka kwako. Wewe hujasoma biashara hata siku moja na umetufundisha watu arobaini.

Da-som


Jinju, 8 Mei 2023

Da-som,

Nimepokea ua la Siku ya Wazazi, asante. Nimelibandika kifuani na kupita nalo sokoni, nimeulizwa na watu sita, wote nimewaambia ni mwanangu. Chun-ja hajambo. Paka wamehamia kwake.

Kusema ni wewe kumenipendeza. Najua watu wenye mvi wasioweza kuandika maneno mawili hayo.

Lakini mwanangu, umesoma barua yangu kwa jicho moja. Mimi sikuwahi kuuza mabaki. Niliyarudisha. Wewe unamwachia mtu mabaki kwa makusudi, halafu unamuuzia mabaki yake mwenyewe! Droo ni ileile, umeichora maua tu. Ndiyo maana mkubwa wako kapiga meza. Mtu asiyecheka akifurahia bei, mnunuzi ashike mkoba wake.

Joho lile nililishona majira ya baridi, siku arobaini, kwa mdogo wangu. Sikulishona ili litege watu. Kama bei yake itakuwa ya kubakiza, litoe humo, nirudishie mchoro. Jina la mama yako lisiandikwe pindoni mwa mtego.

Nimesema. Kula vizuri.

Pil-rye


Jinju, 24 Julai 2023

Da-som,

Miezi miwili na nusu hujaandika. Joto la huku linakaanga mayai barabarani. Juzi ilikuwa siku ya supu ya kuku, ile ya kupambana na joto, nimekula kwa Chun-ja, nimekuachia paja kwa mawazo.

Sijutii nililosema. Najuta nililisema Siku ya Wazazi.

Duka nafungua asubuhi tu siku hizi. Kwa ajili ya joto.

Andika kwa herufi kubwa kidogo, karatasi zenu za mjini zina mistari myembamba.

Mama Mkubwa


Pangyo, 10 Septemba 2023

MAMA MKUBWA,

Hizi herufi ni kubwa za kutosha? Naandika kwa kalamu ya ubaoni. Mimi mzima. Nilikasirika mwezi mmoja, nikaona haya mwezi mmoja, na miezi iliyosalia nilikuwa napigana.

Nilianza kwa kuwaomba kikaoni waniondolee vipande vya lulu hamsini. Mkurugenzi Ma akaniuliza, "Wewe si ndiye uliyevileta?" Nikasema ndiyo, nimevileta, nimegundua vimeoza. Akasema, "Da-som, watu wananunua kwa hiari yao. Hakuna aliyeshikiwa kisu." Nikamwambia hata mteja wa Mama Mkubwa hakushikiwa kisu, alikuwa hajui tu kilichobaki kwenye meza ya kukatia.

"Mama Mkubwa ndiye nani? Mshauri?"

"Mshonaji, Jinju."

Watu wakacheka. Basi nikafungua mkoba. Unakumbuka hanbok uliyonishonea nilipomaliza chuo? Kifurushi chake cha mabaki nilikuwa sijakifungua miaka yote hiyo. Nikakiweka mezani na uzi wake mwekundu. Nikasema: hiki nilipewa bila kukiomba. Nguo hiyo sasa hainitoshi, lakini nikitaka kushona nyingine nitakwenda kwa nani? Kwa huyu aliyenirudishia, au kwa mwenye droo?

Hakuna aliyecheka. Msichana wa uchoraji, yule aliyepima mkunjo, akafungua simu yake, akaonesha lulu zake mia tatu na themanini zilizokaa tangu mwaka juzi. Akafuata wa pili. Mama Mkubwa, hata sisi tunaotengeneza mtego tulikuwa tumenaswa humo! Ukumbi mzima ukawa unasoma mabaki yake.

Hatimaye Mkurugenzi Ma akakubali hivi: joho na nyumba yake vitauzwa kwa bei yake kamili, kwa won, pesa zetu za kawaida, bila kifuko. Mwenye lulu zilizobaki atazitumia zote, zipunguze bei, hadi ya mwisho. Na kila joho litatoka na vipande vyake vya hariri bure, vimefungwa uzi mwekundu. Ila ni hili joho tu, mpaka mwisho wa mwaka. Mauzo yakianguka, bei zote zinarudi kama zamani, na mimi nahamishiwa kujibu malalamiko ya wateja.

Ule ukuu wa upande wa nyumba amepewa mwingine. Si neno.

Joho linatoka tarehe ishirini na tisa, siku yenyewe ya Chuseok, nami nitakuwa zamu. Niambie tu: jina la mama liandikwe au lisiandikwe?

Da-som


Jinju, 14 Septemba 2023

Liandikwe.

P.


Jinju, 12 Oktoba 2023

Mwanangu Da-som,

Barua hii ameniandikia Chun-ja, mimi nasema yeye anaandika, kwa hiyo ukiona keki za mchele zinasifiwa mahali popote ujue kaongeza mwenyewe. (Ni nzuri kweli. Chun-ja.)

Taa za sherehe zimewashwa mtoni. Nimezisikia zikisifiwa.

Chuseok jioni Chun-ja alikuja mbio na simu. Zile lulu zake mia sita, zilizomkaa kooni tangu majira ya baridi, zimeliwa zote na joho, hakikusalia hata kichembe, na hakulipa won moja zaidi ya bei. Akaniketisha, akanishikisha kioo cha kukuzia, nikaona. Nyekundu ile ndiyo yenyewe. Mkunjo wa mkono ndio wenyewe. Pindoni mmeandika Gwak Mi-rye, jina kamili la mama yako. Nililia, na Chun-ja alilia kwa kunitazama.

Halafu akafungua uzi mwekundu, vipande vikamwagika. Anasema kuna watu wanabisha hodi nyumbani kwake humo ndani kubadilishana, mmoja anataka kijani, mwingine anatafuta bluu. Dirisha lake limekwisha. Wa Busan, wa Gangneung, watu wasiojuana, wanaunga vitambaa. Mimi kwa miaka hamsini nimerudisha mabaki kwa watu labda elfu mbili. Wewe umerudisha kwa wangapi kwa siku moja? Ukuu wa idara waachie wenye haja nao. Mwalimu wangu angekuwa hai ningekushika mkono nikupeleke mbele yake, niseme, huyu hakuhitaji rula.

Sasa mimi. Chun-ja, andika kama ninavyosema, usipunguze.

Nyani haoni kundule. Kuna mteja mmoja ambaye sikumrudishia. Mama yako alipotaka kuolewa na baba yako, nilisema mwanamume yule hafai. Nililishona joho kwa sababu nilimpenda mdogo wangu, lakini siku alipokuja kulichukua sikumpa mabaki. Nilimwambia, "Ukiachika utakuja kuyafuata." Hakuachika. Hakuyafuata. Na hakuniomba, alikuwa na kiburi kama mimi. Alipokufa kifurushi kilikuwa bado kwenye droo yangu. Ile droo niliyokukaripia kwayo, mwanangu, ninayo mimi. Uliponiomba mchoro nilikufungia mchoro, nikakiangalia kifurushi, nikafunga droo.

Nilipopata barua yako ya kwenye kikao nikakitoa. Nimekuwa nikiunga kitambaa cha dirishani tangu siku hiyo. Kimo humu ndani ya boksi, chini ya kimchi. Mishono ya mwanzo imenyooka, ya mwisho inakwenda kama kuku mlevi, usiwaoneshe wachoraji wako. Daktari alikwishasema mwezi wa pili, nikakwambia kalamu. Jicho la kulia limezima. La kushoto bila kioo linaona mwanga na rangi tu, na nyekundu linaiona vizuri kuliko zote. Duka nimelifunga.

Pindo la upande mmoja sikulimaliza. Sindano haioni tena tundu lake. Kitambaa ni chako, kilikuwa cha mama yako, kimelipiwa chote.

Mama yako mkubwa,
Pil-rye


Pangyo, 17 Oktoba 2023

MAMA MKUBWA,

JOHO LINAUZWA VIZURI. MKURUGENZI MA AMENIULIZA NI NGUO GANI INAYOFUATA, NA BEI YAKE IWE YA NAMNA HIIHII.

KITAMBAA CHAKO SIJAKITUNDIKA DIRISHANI. NAKIRUDISHA JUMAMOSI, KWA BASI LA SAA TATU ASUBUHI, NA KARATASI ZA CHOONI MAFUNGU MAWILI, MOJA LA CHUN-JA. PINDO LILE TUTALIMALIZA PAMOJA. NITATUNGA UZI MIMI, WEWE UTANIAMBIA MKONO UPITE WAPI.

NITALALA SIKU KUMI.

DA-SOM